Mtafuteni Aliyepo Saa Nane Mchana

Hotuba kwa watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na vijiji na viongozi wa vijana, Dodoma, mwanzoni mwa kiangazi

Mbukwenyi! Waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa mitaa, mabalozi, viongozi wa dini, akina mama na vijana wetu. Tunashukuru kwa kutualika. Mmetuomba tueleze namna ya kuunda kikundi cha zimamoto cha kujitolea ndani ya kata, tena kikundi cha kudumu, kisife mwaka wa pili. Tuingie kazini moja kwa moja.

Mvua zimeisha. Kuanzia sasa hadi Novemba nyasi zitazidi kukauka na upepo utavuma kutwa nzima. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, limeundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na namba yake ni 114. Lakini tupige hesabu, bila kumlaumu mtu. Hombolo iko karibu kilomita 40 kutoka mjini. Gari zito lililojaa maji, likienda kilomita 60 kwa saa, linahitaji dakika 40 hata kama limeondoka sekunde ileile mliyopiga simu. Chumba chenye godoro la sponji, mapazia na kochi hakingoji dakika 40. Mara nyingi hakingoji hata 10: joto linajikusanya chini ya dari mpaka kila kitu chumbani kinashika moto kwa mkupuo, na hapo aliyebaki ndani hatoki tena. Kikundi tunachokizungumzia leo kazi yake ni muda huo wa katikati, tangu moshi wa kwanza kuonekana hadi gari la Jeshi kufika.

Utaratibu huu ni wa zamani. Mwaka 1736 kule Philadelphia, Benjamin Franklin na majirani zake walianzisha chama cha watu 30. Kila mmoja aliwajibika kutunza ndoo zake za ngozi na mifuko imara ya kuokolea mali za watu, na asiyefika kikaoni alitozwa faini. Faini hizo ndizo zilizonunua ngazi na vifaa. Chile mpaka leo wazimamoto wake ni watu wa kujitolea, tangu kikosi cha Valparaíso cha mwaka 1851. Austria ina miji sita tu yenye kikosi cha kulipwa. Kwingine kote moto unazimwa na wenyeji wenye kazi zao nyingine. Na Marekani, kwa makadirio ya mwaka 2020, kati ya wazimamoto 1,041,200, wa kujitolea walikuwa 676,900. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba kujitolea ni shida ya watu wasio na fedha.

Wamarekani hao wana kipimo kimoja cha vikosi vya kujitolea ambacho tungependa mkiondoke nacho leo. Kwa maeneo ya vijijini kinasema: watu 6 wawe wamefika kwenye moto ndani ya dakika 14, angalau mara 8 katika kila miito 10. Angalieni kinachopimwa. Hakiulizi mna wanachama wangapi daftarini. Kinauliza wamefika wangapi, na kwa dakika ngapi.

Hapo ndipo vikundi vingi vinapoanguka. Unaitishwa mkutano wa hadhara, mtu anapanda jukwaani, anaomba vijana shupavu, mikono arobaini inanyooka, majina yanaandikwa, picha inapigwa. Siku ya moto ni Jumatano saa nane mchana. Wale vijana shupavu mmoja yuko kwenye ujenzi Mtumba, mwingine kaenda Kibaigwa na mzigo wa mahindi, mwingine yuko chuoni. Wanafika watatu, na mmoja kati yao ni mgonjwa wa pumu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Ujasiri walikuwa nao wote arobaini. Ila saa nane mchana hawakuwepo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, chukueni karatasi mchore jedwali. Upande mmoja siku saba za wiki. Upande mwingine vipindi vinne: alfajiri hadi saa nne asubuhi, saa nne hadi saa kumi jioni, saa kumi hadi saa tatu usiku, na saa tatu usiku hadi alfajiri. Kila kisanduku kinatakiwa kiwe na watu 6 wanaoweza kufika popote mtaani ndani ya dakika 10 kwa miguu au kwa pikipiki. Na kwa sababu mtu huumwa, husafiri, huzima simu, kwa kila nafasi moja andikeni watu watatu. Hiyo ni watu 18 kwa kila kipindi. Wengi watajirudia, maana anayelala mtaani yupo usiku na asubuhi, hivyo kata ya kawaida itajikuta na wanachama kati ya 25 na 35. Kisanduku cha usiku kitajaa chenyewe. Kitakachowasumbua ni cha saa nne hadi saa kumi, siku za kazi. Anzeni kuandikisha hapo.

Aliyepo mchana ni nani? Ni mwenye duka la rejareja. Fundi wa gereji, fundi cherehani, fundi wa kuchomelea. Mama lishe. Mhudumu wa zahanati. Mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani. Mlinzi aliyelala asubuhi akaamka mchana. Ni mama mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Hesabu hii ikifanywa kwa ukweli, karibu nusu ya watu wa mchana watakuwa wanawake, na kikundi kinachowaacha kimejinyima nguvukazi yake kubwa. Kuendesha pampu, kusimamia mstari wa maji, kuhesabu watu, kutoa huduma ya kwanza na kuongoza eneo la moto, hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji misuli ya mbeba magunia.

Kuhusu bodaboda, wanajua kila kichochoro, wana usafiri, wana simu. Lakini dereva mmoja mmoja humtegemei, kwa sababu muda wowote anaweza kuwa na abiria njiani. Msiandikishe madereva, andikisheni kijiwe. Mwelewane na mwenyekiti wa kijiwe kwamba mwito ukija, wawili wa kwanza kwenye foleni wanaondoka: mmoja kwenda kwenye moto na mtungi wa kuzimia, mwingine kwenda kusimama barabara kuu kulipokea gari la Jeshi na kuliongoza. Na nafasi zao kwenye foleni walindiwe hadi warudi. Kipengele hicho kidogo cha foleni kikikosekana, makubaliano yanavunjika siku ya pili.

Namna ya kumwomba mtu nayo ina uzito wake. Tangazo la jumla huvuta watu wa jumla. Mwendeeni mtu dukani kwake, mmtajie kazi moja mahususi: "Mama, tunahitaji mtu wa kutunza ufunguo wa kibanda cha vifaa na kufika nao kila mwito wa mchana. Wewe duka lako liko hatua thelathini kutoka kibandani." Hapo anajua anaombwa nini na kwa nini ni yeye. Mkishakubaliana, ongeeni na familia yake pia. Mke au mume asiyejua jambo hili ndiye atakayemzuia mlangoni siku ya kwanza ya mwito wa usiku.

Fomu ya kujiunga iwe ukurasa mmoja. Jina, umri (asiwe chini ya miaka 18), simu mbili, kazi, mahali anapokuwepo kwa kila kipindi cha siku, miezi anayohamia shambani, ugonjwa wowote wa kifua, moyo, shinikizo la damu au kifafa, na mtu wa kupigiwa simu akiumia. Kipengele cha miezi ya shamba msikiruke. Mkoa wetu kuanzia Desemba hadi Mei watu wako kwenye mtama, uwele na alizeti, na wengine wanahamia mashambani kabisa. Moto wa nyasi utakuwa umelala kipindi hicho, lakini wa jikoni na wa umeme haulali. Tengenezeni jedwali la pili, la masika.

Miezi 6 ya kwanza mtu awe wa majaribio. Mazoezi mawili kila mwezi, na anayekosa matatu mfululizo bila taarifa jina litoke. Wakati wa majaribio kiongozi aangalie jambo moja kuliko mengine yote: je, akiambiwa "simama", anasimama? Anayekimbia mbele kabla ya amri ni hatari kwa wenzake, hata kama mtaa mzima unamsifu. Mpeni kazi ya mbali na moto au mmshukuru aende. Mlevi vilevile, awe nani awe.

Suala la posho lisemwe siku ya kwanza, kwa sauti. Kikundi hakilipi posho ya mwito wala ya mazoezi. Kinachoweza kugharimia ni mafuta ya pikipiki, maji na chakula moto ukichukua muda, sabuni, na kama mfuko unaruhusu, mchango wa bima ya afya kwa wanachama. Kikundi kilichoanza kwa kudokeza kwamba "kuna mradi unakuja" huishi kwa kuungoja huo mradi. Usipokuja, watu wanaondoka na hasira zao.

Sasa uongozi. Mwenyekiti wa mtaa asiwe kamanda wa moto. Tunalisema hili mbele yenu kwa heshima. Siku ya moto mwenyekiti atavutwa na wananchi, na polisi, na ndugu wa mwenye nyumba, kila mtu anamtaka yeye. Kuwatuliza watu hao ni kazi yake, na ni kubwa. Isitoshe, uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024 na utarudi tena, na kikundi hakitakiwi kufa kila uongozi unapobadilika. Kamanda achaguliwe na wanachama wenyewe, awe na wasaidizi wawili wanaoishi sehemu tofauti za kata. Anayefika kwanza kati ya hao watatu anashika uongozi hadi amkabidhi mwenzake kwa maneno, wote wakisikia. Mtu mmoja asiongoze zaidi ya watano. Wakizidi, gawanyeni na kila fungu liwe na msimamizi. Zaidi ya kamanda, mnahitaji mtunza vifaa, mpiga simu, mtu wa huduma ya kwanza, na mhesabu.

Tuseme kidogo juu ya mhesabu, kwa sababu ndiye anayesahaulika. Anasimama sehemu moja na ubao. Kila anayefika anampa kitambulisho chake cha kibao chenye jina, na anayeondoka anakichukua. Kila dakika 10 mhesabu anapiga filimbi, anaita majina. Vibao saba na sauti sita, kazi inasimama, anatafutwa wa saba. Bila yeye, mtu aliyezimia nyuma ya ukuta kwa sababu ya moshi mtamkumbuka kesho yake asubuhi.

Usajili fanyeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, orodha ya wanachama, mihutasari, akaunti yenye watia saini watatu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, msiichukue kwa ajili ya pampu. Mkopo ule hurudishwa kutokana na faida ya biashara, na pampu ya moto haizai faida. Michango ya wafanyabiashara, wenye vituo vya mafuta, wenye mashine za kukamua alizeti na wenye maghala inatosha kuanzia, maana hao ndio wenye cha kupoteza.

Tuje kwenye maji, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu Dodoma shida yetu ni maji kuliko ushujaa.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Katika mstari wa watu, ndoo iliyojaa inamchosha mtu ndani ya dakika chache na nusu yake inamwagikia miguuni. Jazeni nusu, lita 10. Mistari iwe miwili: mmoja wa ndoo zenye maji kwenda, mwingine wa ndoo tupu kurudi, watoto wasiwemo. Mstari uliozoea ukipitisha ndoo 10 kwa dakika, ni lita 100 kwa dakika. Hizo zinazima godoro, jiko, au kona ya chumba. Haziwezi nyumba nzima iliyoshika paa, na msijaribu. Mimineni kwenye kuta na paa za nyumba ya jirani ili isishike.

Pampu ndogo ya petroli ya umwagiliaji, ya inchi mbili, inaweza kutoa lita 500 na zaidi kwa dakika maji yakiwa karibu, ila kwa msukumo mdogo. Tangi la lita 5,000 kwa mwendo huo linakauka kwa dakika 10. Kwa hiyo pampu bila mpango wa boza ni kelele tu. Orodhesheni leo hii wenye maboza katani, wenye matangi makubwa, shule zenye matangi ya mvua, na mpate ruhusa yao kwa maandishi kabla ya moto. Waulizeni mamlaka ya maji mabomba ya kujazia magari ya zimamoto katika eneo lenu yako wapi, kisha mwende kuyatazama kwa macho. Utakuta moja limefukiwa na kifusi, jingine limejengewa kibanda cha chipsi juu yake.

Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi. Pampu ya juu ya ardhi hainyonyi maji kutoka kina chochote utakacho. Kinachoyapandisha maji kwenye bomba la kunyonyea ni mgandamizo wa hewa, na Dodoma iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Pampu iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inanyonya mita 7, hapa ihesabuni mita 6, na ikichakaa mita 5. Visima vyetu vingi ni virefu kuliko hapo. Kisima kirefu kina faida kwa kikundi kama tu kina pampu yake ya ndani na tangi lililojaa muda wote.

Pampu inapokataa kuvuta, sababu ni zilezile. Bomba la kunyonyea ni laini, linajikunja kwa mvuto. Nunueni lile gumu lililozungushiwa waya au plastiki ngumu. Kiungo kinavuta hewa kwa sababu washa ya mpira imekauka. Chujio limezama kwenye tope. Au pampu haikujazwa maji kabla ya kuwashwa. Na pampu inapokataa kuwaka kabisa, karibu kila mara ni petroli iliyokaa miezi ndani ya kabureta ikaacha utando. Iwasheni kila Jumamosi dakika 10 ikiwa inavuta maji kweli, kisha mfunge koki ya mafuta na kuiacha ijizime yenyewe kwa kumaliza yaliyobaki.

Vifaa vingine havina mambo mengi. Makoleo 10, reki za chuma 6, mapanga, shoka mbili, mtaimbo mmoja, ngazi, tochi za kichwani, filimbi kwa kila mwanachama, sanduku la huduma ya kwanza, na mitungi ya unga ya kilo 6. Mtungi wa kilo 6 unakwisha kwa muda wa kama sekunde 20, hivyo atakayeupulizia hewani kwa papara atabaki ameshika chuma. Simama mita mbili au tatu, upepo uwe mgongoni, lenga chini kwenye kiini cha moto, piga kwa kuyumbisha kushoto na kulia. Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu, suruali ya jinzi, buti za ngozi. Jezi za nailoni zinayeyukia mwilini. Gambuti nazo si za kukanyagia majivu ya moto.

Mipaka ya kikundi iandikwe kwenye katiba na isomwe kila mazoezi. Kikundi hakiingii ndani ya nyumba inayoungua. Hakina mitungi ya hewa ya kupumulia, na kitambaa kibichi puani hakizuii ile hewa ya sumu iliyo ndani ya moshi. Hiyo haina harufu na inamwangusha mtu akiwa bado anajiona mzima. Waiteni waliomo, vunjeni dirisha la upande usio na moto, wekeni ngazi, lakini mguu usivuke kizingiti. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu kabla ya tone la maji, na TANESCO waitwe kama waya umeanguka. Mafuta ya kukaangia yafunikwe, yasimwagiwe maji. Mtungi wa gesi unaowaka kwenye vali, kama huwezi kuifunga salama, usiuzime, maana gesi itaendelea kutoka na kutafuta cheche nyingine. Ondoeni watu, upozeni kwa maji kutoka mbali.

Na lori la mafuta likipinduka. Barabara ya kwenda Singida inapita katikati yetu, malori hayaishi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori kupinduka na watu kukimbilia kuchota petroli. Siku hiyo ikija kwenu, kikundi hakizimi kitu. Kazi yake ni moja: kuondoa watu, kuzima majiko ya mama lishe, kuzuia pikipiki na sigara, na kama lori limeshawaka, kuwasogeza watu hadi mita 800.

Moto wa nyasi ndio utakaowaita mara nyingi zaidi. Usisimame mbele yake kamwe. Anzieni mkiani, pale ulikoanzia, mkiwa mmekanyaga sehemu iliyokwisha kuungua, mpande nao pande mbili mkiupiga kwa matawi mabichi na kuufukia kwa makoleo hadi mkutane kichwani. Mlimani, kama kule Mlimwa, ni hatari maradufu: kila mwinuko ukiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huenda ikawa mara mbili. Aliye juu ya moto mlimani ashuke kwa pembeni, asijaribu kushindana nao kwa kupanda. Njia za kukinga moto kuzunguka maboma, mashamba ya zabibu na maghala zilimwe sasa hivi, upana wa mita 5, udongo mtupu, reki ipite. Zikichelewa hadi Agosti upepo umeshafika.

Mwito wenyewe uwe na mpangilio. Mpiga simu anapiga 114 kwanza, kikundi cha WhatsApp baadaye, maana simu nyingi mchana ziko kimya mfukoni. Filimbi na kipaza sauti cha msikiti au kengele ya kanisa hufika mahali ujumbe usikofika. Kwenye 114 aseme kata, mtaa, namba ya nyumba kwenye kibao cha anwani za makazi, kitu kinachoungua, kama kuna watu ndani, na gari lipitie njia gani kwa upana wake. Asikate simu mpaka aambiwe akate.

Jeshi likifika, amri inahamia kwao. Kamanda wenu amwendee afisa anayeongoza, amwambie kwa sentensi nne: nini kinaungua, wangapi hawajulikani walipo, maji yako wapi, umeme umekatwa au la. Kisha watu wenu wakae pamoja sehemu moja wangoje kupangiwa kazi. Msitembee juu ya majivu kutafuta chanzo, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Wala msishone sare zinazofanana na za Jeshi. Fulana za pamba zenye jina la kata zinatosha.

Mara moja kila mwezi pigeni mwito wa mazoezi bila kutangaza, mchana wa siku ya kazi, saa mkononi. Andikeni dakika aliyofika wa kwanza na dakika aliyofika wa sita. Hiyo ya wa sita ndiyo mtakayoileta kwetu.

Fomu na majedwali viko kwa katibu pale mlangoni, seti moja kwa kila kata. Kabla ya kuondoka, kila mtendaji aandike mambo matatu kwenye karatasi ya mahudhurio: kina cha kisima kilicho karibu na ofisi yake, namba ya mwenye boza, na majina ya watu sita anaoamini wako mtaani muda huu tunaozungumza. Wenye nafasi tupu tutakaa nao baada ya chai. Karibuni kwa maswali.